Ruhusa iko kwenye nauli: barua ya wazi kutoka kisiwa cha Pate

Kwa wakubwa wote mnaoshika afya ya Kaunti ya Lamu, mlioko Mokowe, mlioko Bunge la Kaunti, na mlioko Nairobi mnaotugawia dawa.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto sita, na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji kimoja cha Pate. Kijiji sitakitaja. Zahanati yetu nayo sitaitaja, kwa sababu muuguzi wake ni mtu mwema anayefanya kazi ya watu watatu, na mkimjua mtamwandikia barua ya kumkaripia badala ya kumletea sindano.

Nawaandikia kuhusu wanawake walioolewa na kupanga uzazi. Najua mkisikia maneno hayo mnafungua faili lilelile: watu wa visiwani wameshika dini, waume hawataki, mila, elimu ndogo. Kisha mnaandaa semina ya uhamasisho, watu wanakula pilau, wanapigwa picha, wanarudi makwao. Semina hizo nimehudhuria, na pilau nimeila. Lakini katika nyumba ninazozungukia na mkoba wangu, mwanamke anayeniambia hataki kabisa ni mmoja mmoja. Wengi wanataka, na wengi walishaanza wakaacha. Nikiwauliza waliachia wapi, hadithi yao huanzia kwenye kabati.

Ni kabati la mbao, mlango wake mmoja hauna komeo, umefungwa kwa kipande cha bendeji. Rafu ya juu ni ya dawa za malaria na homa za watoto, ya chini ni ya uzazi. Alhamisi moja baada ya Idi nilikuwepo pale. Wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye benchi chini ya mwarobaini, kila mmoja kitabu chake cha kliniki amekikunja ndani ya leso. Mmoja alikuwa ametoka mashambani tangu alfajiri, mtoto mgongoni, mwingine ameshikwa mkono. Muuguzi akafungua bendeji, akachuchumaa, akapapasa mpaka nyuma kabisa ya rafu. Akatoa boksi la mipira na pakiti tatu za tembe. Sindano hakuna. Vijiti vya kuwekwa mkononi hakuna. Akasema, "Rudini wiki ijayo, inshallah," na hakuwatazama usoni.

Hiyo wiki ijayo ikawa wiki ya sita.

Sindano tunayochomwa ni ya miezi mitatu. Tarehe ya kurudi huandikwa kwa kalamu kitabuni, na mwanamke asiyejua kusoma huishika kwa mwezi: "mwezi saba wa mfungo sita", "siku tatu kabla ya bamvua". Akiikosa, mwili haumngoji. Shirika la Afya Duniani linasema aliyechelewa hadi wiki nne bado anaweza kuchomwa bila masharti zaidi. Hilo nililijua nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye mafunzo. Kabla ya hapo tuliambiwa tu kwamba tumechelewa, turudi tukiwa kwenye siku zetu. Na hapo ndipo pana kichekesho kisichochekesha. Sindano yenyewe huzikata siku. Mwanamke aliyeitumia mwaka mzima mara nyingi haoni damu, kwa hiyo anakaa nyumbani anangoja siku zisizokuja, na kinachokuja ni mimba. Ipo orodha fupi ya maswali sita ambayo muuguzi akimuuliza mwanamke anaweza kuwa na hakika ya kutosha kwamba hana mimba, akamhudumia siku hiyohiyo. Karatasi yake nimeiona ikiwa imebandikwa ukutani katika vituo vingine. Kwetu ukuta una kalenda ya mwaka juzi.

Mtasema: kama kijijini hakuna, si waende Faza, au wavuke Lamu? Naam, na wapo waendao. Nawaombeni mwende nao.

Kwanza ni pikipiki hadi gati ya Mtangawanda. Kisha boti, na boti haliondoki kwa saa ya mkononi, linaondoka kwa maji. Pale Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa hupiti, na nahodha mwenye akili hazunguki nje ya Manda na abiria wakati wa kusi. Kwa hiyo siku maji yanapojaa asubuhi mapema, unaondoka gizani, na siku yanapojaa mchana, unafika Lamu kliniki inafungwa, unalala kwa jamaa. Ukiwa huna jamaa, unalala kwa jamaa wa jamaa. Nauli ya kwenda na kurudi, pikipiki mara mbili, chakula chako na cha mtoto anayenyonya ambaye huwezi kumwacha: elfu moja haitoshi. Na ni kwa ajili ya kitu kinachochukua dakika mbili, dawa yenyewe ni ya bure, na baada ya miezi mitatu unatakiwa urudie.

Elfu hiyo mwanamke wa kwetu ataitoa wapi? Anayo, pengine, kama anasuka makuti au anauza bajia. Wengi hawana. Itatoka kwa mume. Na mume, hata awe mwema namna gani, atauliza ya nini.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapa. Sindano ikiwepo kijijini, mwanamke hupita zahanati akitoka kumpima mtoto uzito, akachomwa, akaenda zake kupika. Hakuna aliyeombwa ruhusa kwa sababu hakuna aliyeombwa kitu. Ikikosekana, jambo la dakika mbili linageuka safari, safari inataka nauli, nauli inataka maelezo, na maelezo yanamfikia mume, mavyaa, wifi, nahodha na abiria wote waliomwona gatini. Ruhusa ya mume ambayo mnaiita mila imeletwa na kabati tupu. Mila zetu nazijua, nimelelewa nazo, na hakuna hata moja iliyoagiza boksi la sindano liishe mwezi wa tano.

Kwa sheria mambo yako wazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya, na imetaja afya ya uzazi kwa jina lake. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, imekwenda mbali zaidi: wanaume na wanawake wana haki ya kupewa habari na kuzifikia huduma za kupanga uzazi zilizo salama, zinazofaa na wanazozimudu. Hakuna palipoandikwa kwamba mke alete saini ya mumewe. Na bado nimemsikia mhudumu mmoja, mahali nisipopataja, akimuuliza mwanamke mwenye watoto saba, "Baba watoto anajua?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Yule mwanamke akakusanya buibui lake akatoka. Nilimkuta nje anajifanya anatafuta kiatu.

Basi kuna hilo benchi. Katika zahanati yetu siku ya mpango wa uzazi ni Alhamisi. Siku nyingine ni za chanjo, za waja wazito, za wagonjwa. Aliyepanga hilo alidhani anarahisisha, na pengine daftari limekuwa nadhifu kweli. Lakini kijiji chetu ukikohoa upande wa msikiti, wa upande wa pwani anakuambia pole. Kila anayekaa benchi lile Alhamisi anajulikana alichokijia. Wifi wa mwanamke ndiye anayefagia ua wa zahanati. Binamu wa mumewe ana duka mkabala. Mwanamke aliyekuwa radhi achomwe kimyakimya anapita barabarani, anawaona waliokaa pale, anaendelea na safari yake kana kwamba alikuwa anakwenda dukani kununua chumvi. Chumvi anayo nyumbani.

Na kuna wake za wavuvi, ambao ni sehemu kubwa ya sisi. Mume akienda dago, yaani kambi ya wavuvi, Kiwayu au huko juu Kiunga, anakaa wiki tatu, mwezi, miwili. Tarehe ya sindano haijui kama yuko au hayuko. Mkewe akionekana benchini mume akiwa baharini, swali linalopita mabarazani ni moja: anajikinga kwa ajili ya nani? Nimewaona wanawake wakiruka sindano kwa kuogopa swali hilo tu. Mume akarudi na samaki wake na pesa zake, na furaha ya kurudi, na baada ya miezi tisa tunachinja akika. Nacheka nikiandika haya, lakini mwaka jana mmoja wao alikuwa na mtoto wa miezi saba kifuani, na huyo mwingine tumboni.

Sasa niguse dini, kwa sababu najua wengi wenu mkishindwa kuleta dawa mnaisingizia dini yetu. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Madaktari nao wanashauri mwanamke angoje miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Hesabu ni ileile. Bibi zetu waliita uzazi wa majira, na walijua wanachokisema. Swahaba Jabir amepokewa akisema walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, na Qur'ani ikiteremka. Imamu Ghazali, Mshafii kama sisi, alizitaja sababu zinazoifanya azl ikubalike, na mojawapo ni kumhofia mke hatari za uzazi. Madhehebu kadhaa yanasema mume asifanye azl bila ridhaa ya mkewe. Someni tena hapo: ridhaa iliyojadiliwa na wanazuoni hao ni ya mke. Sisi ndio tulioigeuza. Kufunga kizazi moja kwa moja pasipo dharura, hapo wanazuoni wengi wanakataa, wala siombi hilo katika barua hii. Naomba sindano na vijiti, ambavyo mtu akiviacha anazaa tena.

Khatibu wetu, Mungu ampe umri, amelizungumza jambo hili mimbarini si mara moja, kwa lugha ya kupishanisha watoto. Baada ya hotuba ile wanaume wawili walikuja nyumbani kwetu kuuliza wake zao waende lini. Niliwaambia Alhamisi. Alhamisi hakukuwa na dawa. Mmoja aliniambia, "Basi nyie mwatwambia mambo ambayo hamna." Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo naona haya kupita mbele ya baraza lao.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia katika semina hata moja, na ndilo linalowaachisha wanawake wetu njia hizi kuliko mavyaa wote wakikusanywa pamoja. Ni damu. Kijiti kikiwekwa mkononi, kwa wengine damu huja ovyo: matone leo, kesho kavu, keshokutwa matone. Mwanamke wa Nairobi pengine atanunua pedi, yakaisha. Kwa mwanamke wa kwetu kila tone ni suala. Je, hii ni hedhi, aache kuswali? Au ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, ajisafishe, atie udhu kwa kila swala, aswali na kufunga kama kawaida? Ramadhani ikiingia anahesabu siku hajui alipe ngapi. Mumewe anauliza kama ni halali kumkaribia. Hakuna aliyemwandaa. Muuguzi alimwambia, "Unaweza kuona mabadiliko kidogo," kisha akamwita anayefuata. Wanawake wanaokuja kuniuliza haya usiku, mlango umerudishwa, ni wengi kuliko wanaoniuliza bei ya chochote. Mimi si mwanachuoni. Huwapeleka kwa bi mwalimu wa madrasa, mama mtu mzima anayezijua hukumu zake vizuri, naye akishawaeleza nusu yao hutulia wakaendelea na kijiti. Nusu saa ya maelezo, bila dawa yoyote. Kama kuna fungu la semina limebaki, mlipeni yeye.

Wa sindano nao wana yao. Siku zikikatika wanaambiwa damu inajazana tumboni na siku moja itapanda kichwani. Haijazani. Dawa huufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna damu ya kutoka. Na anayeacha sindano ili azae, uzazi unaweza kuchelewa kumrudia miezi kadhaa, hata mwaka. Kama hakuambiwa mapema, mwezi wa nne mavyaa keshaanza kusema kizazi kimekauka, na binti wa jirani ametajwatajwa. Mambo haya yanaelezeka. Yanataka mtu mwenye muda, na muuguzi mmoja mwenye foleni ya watoto wenye homa hana muda huo.

Kuhusu kukitoa kijiti, nitasema kwa ufupi maana hasira zitanipanda. Kuna wanawake hapa waliowekewa vijiti na wageni waliokuja na boti, siku mbili, mahema, wakaandikwa, wakaenda. Cha miaka mitatu kimefika mwaka wa nne. Aliyefunzwa kukitoa hayupo. Mmoja alijaribu kwa wembe, nyumbani, na dada yake akimshikia taa ya simu. Kovu lake nimelisafisha mwenyewe kwa wiki mbili. Njia ambayo mtu anaweza kuiingia na hawezi kuitoka, msishangae watu wakiikimbia.

Niwaambie na yangu, nisije nikaonekana nawasemea watu tu.

Mtoto wangu wa tano alikuwa na miezi minane tarehe yangu ilipofika. Kabati lilikuwa tupu, na mume wangu siku hizo alikuwa amekatikiwa na nyavu, deni la mashine halijaisha. Sikuomba nauli. Nilimwonea huruma, huo ndio ukweli. Hakunikataza kitu, mimi ndiye niliyenyamaza. Nikanyonyesha nikijipa moyo kwamba ziwa litanilinda, na sikujua kwamba ziwa humlinda mama katika miezi sita ya kwanza tu, tena mtoto akiwa hapewi kingine chochote na siku za mama hazijarudi. Wangu alikuwa ameshaanza uji.

Nilijifungua usiku, mwezi wa saba, kusi imekaza. Mtoto alitoka salama, damu haikusimama. Kituo cha kwanza tulichofika walisema damu ya kuongeza hawana, tuvuke. Tukapata boti. Tulipofika Mkanda maji yalikuwa yamekupwa. Nahodha akazima mashine, akasema hapa ni kungoja. Mama yangu alikuwa amenishika kichwa mapajani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anatoa leso chini yangu, anaikamulia pembeni ya boti, anaisuuza kwa maji ya bahari, anairudisha. Sikuweza kuona rangi yake gizani. Niliusikia mchirizi tu, kila ilipokamuliwa. Kila nilipofumba macho alinipiga kofi dogo shavuni: "Ndia ni ndefu, mwanangu, usilale. Usilale."

Maji yalijaa karibu na alfajiri. Nilipona, alhamdulillahi, na mtoto yule ndiye anayenisomea ujumbe wa simu leo nikiwa sina miwani. Simjutii hata unywele. Lakini siku ya arobaini jirani alikuja kunipa pole, akanywa kahawa, akaniuliza, "Na sindano uliiacha ya nini?" Aliniuliza mimi.

Mkienda bara, ng'ambo ya pili, kata ya Basuba, kwa ndugu zetu Waaweer tuliozoea kuwaita Waboni, zahanati zao zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya mashambulizi ya msituni. Mangai, Milimani, Mararani. Siishi huko na sitawasemea, ila mkisikia mwanamke wa Pate analalamikia boti, mkumbukeni pia anayetembea msituni.

Najua jibu lililo mezani mwenu: Marekani imefunga mfereji. Kweli, Januari 2025 misaada yake ilisimamishwa, na dawa za uzazi za nchi hii kwa miaka mingi zilinunuliwa kwa sehemu kubwa na pesa za wafadhili. Lakini Alhamisi zangu tupu zilianza zamani, mfereji ukiwa unamwaga. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alizaa watoto wapata wanane, na utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta wastani umefika 3.4. Utafiti huohuo ulikuta wanawake 57 katika kila 100 walioolewa wanatumia njia ya kisasa, na 14 wangependa kuzuia au kupisha mimba lakini hawatumii njia yoyote. Ninapopita na mkoba wangu, hao 14 nawajua kwa majina, na nazijua nyumba zao. Nchi yenye umri huo katika kazi hii haiwezi kusema imeshtukizwa na mgeni kuondoka.

Ninachokiomba hakihitaji mkutano Mombasa.

Kusi haibadiliki, inajulikana tangu babu wa babu zetu: inaanza karibu na mwezi wa nne, inakaza wa sita na wa saba. Basi dawa za miezi hiyo ziletwe kabla, kabati lijae kaskazi haijaisha. Sindano hii haitaki friji, inakaa katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo msituambie habari za umeme. Na kiasi cha kuletwa kisikadiriwe na mtu wa mbali. Vitabu viko, tarehe ziko, tuhesabuni.

Sisi wahudumu tufunzeni kuchoma. Si ndoto yangu hiyo. Wizara ya Afya iliruhusu tangu 2012, baada ya majaribio ya Tharaka, kwamba wahudumu wa jamii waliofunzwa wachome sindano ya uzazi katika maeneo magumu kufikika. Kama kisiwa kinachofungwa na maji kupwa si eneo gumu, nionyesheni lililo gumu. Siku hizi ipo pia ile sindano ndogo iliyotiwa dawa tayari, ya kuchoma chini ya ngozi, ambayo mwanamke akielekezwa anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo ya kujichoma mwaka 2019. Hebu fikirini maana yake kwa mke wa mvuvi: hakuna benchi, hakuna boti, hakuna wifi na fagio. Tulipokabidhiwa mikoba mwaka 2023 tulikuwa zaidi ya 100,000 nchi nzima. Wangu una mashine ya presha na ya sukari, nashukuru, wazee wanaifurahia sana. Pakiti ya tembe hauna.

Alhamisi ifuteni. Mwanamke ahudumiwe siku yoyote, katika chumba kilekile anachompeleka mtoto chanjo, mlango ufungwe, asionekane kajia nini. Anayejifungulia hospitali aulizwe kabla hajaruhusiwa, ili kama anataka kijiti aondoke nacho. Na kila baada ya miezi miwili aje mtu mmoja anayejua kukitoa, orodha ya majina atanikuta nayo.

Ile mia mbili ya glavu inayodaiwa mahali fulani iachwe. Ada za zahanati na vituo vya afya vya serikali ziliondolewa Juni 2013. Mia mbili kwenu ni chai, kwetu ni unga.

Na swali la "baba watoto anajua?" likomeshwe kwa waraka, usomwe kwa sauti kwa kila mfanyakazi.

Mume wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Alirudia mara mbili sehemu ya boti, kisha akasema nimekosea jambo moja: usiku ule nahodha hakuzima mashine kwa hiari yake, propela ilikuwa imeshagusa mchanga. Nimeiacha nilivyoandika, ila yeye ndiye alikuwa amekaa nyuma, na anajua.

Kati ya vile vitabu kumi na kimoja vya Alhamisi ile, viwili wenyewe sasa ni waja wazito. Mmoja amehamia Mokowe. Vinane vilivyobaki vina tarehe ya wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na maji wiki hiyo yatajaa asubuhi. Nahodha wa boti la mizigo nimeshazungumza naye. Amesema boksi la dawa halilipi nauli.

Wabillahi tawfiq.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki